Maswali ya Wasomaji: Modi Moja, Namba Tatu

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga na wilaya zake, kwa wasomaji wanaocheza gemu za malori na mabasi. Kila mmoja ana gemu yake na kilio chake, lakini wote wanasumbuliwa na modi, yaani yale magari, ramani, sauti na rangi ambazo wapenzi wa gemu huzitengeneza wenyewe na kuziongeza juu ya kazi ya kampuni. Zimekuwa nyingi kupita uwezo wa mtu kuzikumbuka, na namba walizozipa zimeongeza fujo badala ya kuipunguza.

Shikamoo mhariri. Ninaishi Makorora na gemu yangu ni Euro Truck Simulator 2. Katika folda ya modi nina mafaili 143. Mengine yanaanza kwa zzz, mengine nimeyaandika "mwisho", "mwisho kabisa" na "mpya 2". Juzi nilikesha nikayapa yote namba, kuanzia 1 hadi 143. Asubuhi nilipofungua gemu niliambiwa kwamba modi zangu hazionekani, na lori langu limetoweka gerejini. Nimekosea wapi, na namba zipangwe vipi?
*Dereva wa Makorora*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku uliopotea. Nami yalinikuta hayo hayo, nikapoteza mji mzima kwenye ramani kwa sababu ya usafi wangu mwenyewe, kwa hiyo sitakucheka. Kupanga hukukosea. Ulichokosea ni kubadilisha jina ambalo gemu hulitumia kuzitambua modi zako. Kila profaili ya gemu hiyo ina orodha yake ya modi zilizowashwa, na katika orodha hiyo modi hukumbukwa kwa jina la faili lake, bila zile herufi za mwisho, .scs. Ulipoligeuza faili basi_jipya.scs likawa 57_basi_jipya.scs, wewe uliona modi ile ile iliyovishwa namba, lakini gemu iliona kwamba modi moja imepotea na nyingine, ngeni kabisa, imehamia. Kama hukuhifadhi mchezo baada ya onyo lile, yarudishie mafaili majina yake ya zamani, kisha ufungue hifadhi ya kabla ya usiku huo, na lori lako utalikuta. Kama ulikwisha kuhifadhi, tazama hifadhi za nyuma yake, kwa kuwa gemu yenyewe hujiwekea nyingine njiani bila kuambiwa.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. Sisi wa Tanga tumelelewa na barabara za Ngamiani, kwa hiyo hatuna udhuru. Mtu akikwambia anakaa barabara ya 12, amekujibu swali moja tu, la mahali: ni baada ya ile ya 11 na kabla ya ile ya 13. Hajakwambia nyumba ilijengwa mwaka gani, wala imekarabatiwa mara ngapi, wala kama inafaa kwa familia yako. Modi nayo ina maswali matatu yanayohitaji namba, na kila swali lina namba yake: modi hii inakaa wapi katika mpango wangu, hili ni toleo lake la ngapi, na imetengenezwa kwa ajili ya toleo gani la gemu. Wewe umeyajibu yote matatu kwa namba moja, 57, na kwa hiyo hujajibu hata moja.

Kuhusu mahali, ni lazima kwanza tuizike ile zzz. Zamani, kabla gemu haijawa na Meneja wa Modi, yaani ukurasa wake wa kuwasha na kupanga modi, mafaili yalisomwa kwa mpangilio wa alfabeti, na lililosomwa mwisho ndilo lililoshinda pale mawili yalipogusa kitu kimoja. Mtu aliyetaka sauti yake ya injini ishinde nyingine aliipa jina la kuanzia na z, mwenzake akajibu kwa zz, na mashindano yakaendelea hivyo. Siku hizi mpangilio unaamuliwa ndani ya Meneja wa Modi, ambako modi ya juu huishinda ya chini, na jina la faili halina sauti tena katika jambo hilo. Zzz zako zimebaki kama kibao cha duka lililokwisha kufungwa.

Namba ya mahali, basi, ni kwa faida ya macho yako, na mimi huigawa kwa mafungu ya mia: ramani katika 100, malori na mabasi katika 200, matela katika 300, magari mengine ya barabarani katika 400, sauti katika 500, hali ya hewa na mwanga katika 600. Ndani ya fungu huruka kumi kumi, 210, 220, 230, kama walivyofanya waandishi wa programu za BASIC walipoandika mistari yao 10, 20, 30 ili wakikumbuka jambo baadaye wapate pa kulichomeka bila kuandika upya yote. Ukihesabu moja moja kama ulivyofanya, modi ya kwanza utakayoipakua kesho itakulazimisha ama kuiweka mwishoni, mbali na ndugu zake, ama kubadilisha majina 143 kwa mara nyingine. Tumia pia tarakimu tatu siku zote. Windows yenyewe huzipanga namba kwa thamani yake ndani ya madirisha yake, lakini programu nyingi nyingine hupanga kwa herufi, na huko utaona 1, 10, 100, kisha ndipo 2.

Mafungu haya yanakaribiana pia na mpangilio wa kawaida ndani ya Meneja: ramani chini, magari katikati, sauti na hali ya hewa juu. Hii ni desturi tu. Mtengenezaji wa ramani kubwa yenye vipande vitano au sita anapokuandikia kipi kiwe juu ya kipi, fuata neno lake na uiache desturi yangu, hata kama namba zako zitaonekana zimepinda.

Namba ya pili, ya toleo la modi, hupewa na aliyeitengeneza, nawe huna haki ya kuibuni. Katika modi nyingi imeandikwa ndani ya faili dogo liitwalo manifest.sii, kwenye mstari wa package_version, na Meneja wa Modi hukuonyesha bila wewe kulifungua. Namba ya tatu imo humo humo, katika compatible_versions. Ukikuta 1.50.* maana yake ni kwamba modi inakubali matoleo yote madogo ya 1.50, kwa kuwa ile nyota husimama badala ya namba yoyote. Gemu ikijisasisha na modi uipendayo ikabaki nyuma, Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ina sehemu ya Betas ambako unaweza kuchagua toleo la zamani la gemu ukaendelea nalo hadi mtengenezaji atakaposogea.

Hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya pili. Wakisha kuelewa namba tatu, huziandika zote katika jina la faili lililo kazini, halafu toleo jipya likija jina linabadilika, na tumerudi kwenye msiba wa usiku wako. Mimi huweka folda mbili. Ya kwanza ni ile ya gemu, mod, iliyo ndani ya folda ya Euro Truck Simulator 2 katika Documents. Humo faili lina namba ya mahali na jina tu, kwa mfano 210_basi-refu.scs, na jina hilo hupewa mara moja, kabla ya modi kuwashwa kwa mara ya kwanza, wala haliguswi tena. Ya pili ni ghala, nje ya gemu, na humo nakala hubeba namba zote: 210_basi-refu_1.4_gemu1.50.scs. Toleo la 1.5 likitoka, nakala yake inaingia ghalani kando ya ile ya 1.4, na nakala nyingine inakwenda kazini ikilikalia jina lile lile la zamani. Likiwa na hitilafu, ile ya 1.4 unayo.

Na nunua kaunta buku. Najua unayo programu ya majedwali, lakini siku gemu inapogoma kufunguka, daftari lililo mezani hulifungui kwa nywila. Kwa kila modi andika namba yake ya mahali, jina, aliyeitengeneza, ulikoipata, matoleo mawili, na tarehe uliyoiwasha. Gemu ikikatika, fungua game.log.txt, faili ambalo gemu huandika humo kila inachokifungua na kila inachokilalamikia, kisha ulinganishe jina utakaloliona mwishoni na tarehe za daftari lako. Mara nyingi mkosaji ni yule aliyeingia jana.

Modi ulizojiunga nazo kupitia Steam Workshop, sehemu ya Steam ya kugawana modi, ziache zilivyo. Hukaa katika folda yenye namba 227300, ambayo ni namba ya gemu hiyo huko Steam, na kila modi ina folda yake yenye namba ndefu. Zinakili namba hizo katika daftari, lakini usizibadilishe.

Mhariri, mimi na kaka yangu tumegombana. Yeye anasema toleo 1.9 ni jipya kuliko 1.10, kwa sababu tisa kwa kumi ni kubwa kuliko moja kwa kumi. Mimi nasema 1.10 ndilo jipya. Mwamuzi ni wewe.
*Wa barabara ya 8, Ngamiani*

Kaka yako ni hodari wa desimali, lakini hapa desimali hazihusiki. Nukta katika namba ya toleo inatenganisha namba mbili kamili zisizotegemeana, kama mkwaju kati ya namba ya kiwanja na namba ya kitalu, kwa hiyo 1.10 husomwa "moja, kumi", nayo huja baada ya "moja, tisa". Gemu hiyo hiyo ya malori ilipita 1.9 ikaingia 1.10 na sasa imekwisha kuvuka 1.50. Mwambie atoke nje, asimame mtaani kwenu, ahesabu barabara kuanzia yenu, kisha akuambie kama ya 10 iko kabla ya ya 9.

Rafiki yangu anasema gemu haikubali zaidi ya modi 255. Mimi ninazo mia mbili na kitu. Nianze kufuta?
*Msomaji wa Korogwe*

Inategemea gemu, nawe hukuitaja. Kikomo hicho ni cha Skyrim ya mwaka 2011 na ndugu zake. Humo kila programu-jalizi (plugin), yaani faili la modi linaloongeza au kubadilisha vitu vya gemu, hupewa namba ya tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita (0 hadi 9, kisha A hadi F), kuanzia 00, na tarakimu mbili za mfumo huo haziwezi kutoa zaidi ya namba 256. Ya mwisho, FF, gemu hujiwekea kwa ajili ya vitu vinavyozaliwa wakati wa kucheza, ndiyo maana zinabaki 255. Katika toleo la baadaye, Special Edition, ziko programu-jalizi nyepesi ambazo zote hukaa chini ya namba FE, na hapo hutosha 4,096. Tena kinachohesabiwa ni programu-jalizi: modi inayobadilisha picha tu haichukui namba yoyote, kwa hiyo mia mbili na kitu zako huenda zikawa themanini machoni pa gemu.

Mimi ni mama mwenye banda la gemu hapa Chumbageni, nina kompyuta tano. Vijana wanaonisaidia huweka modi kila mmoja kwa mapenzi yake. Mteja akizoea basi fulani kwenye kompyuta namba 2, akikalishwa namba 4 halioni, na lawama ni zangu. Nifanyeje?
*Mama wa Banda*

Dada yangu, kwako shida si namba za modi mojamoja. Wewe unahitaji namba moja inayobeba zote. Chagua kompyuta moja iwe mama wa nyingine, na uwape vijana amri kwamba modi mpya itaingia hapo tu, ijaribiwe hapo, na ikifaa ndipo seti nzima ihesabiwe kuwa kifurushi kipya: kifurushi cha 01, cha 02, na kuendelea. Bandika karatasi juu ya kila skrini ionyeshe namba ya kifurushi na tarehe yake, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-03-09. Huo ndio mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, na uzuri wake ni kwamba majina ya folda yakipangwa kwa herufi yanakuwa yamejipanga pia kwa tarehe. Ukitanguliza siku, tarehe 9 za miezi yote zitakaa pamoja.

Wakati wa kunakili chukua folda ya modi pamoja na folda ya profaili, kwa sababu orodha ya zilizowashwa na mpangilio wake vimo katika profaili. Kabla ya hapo hakikisha kwamba profaili haitumii hifadhi ya mtandaoni ya Steam, maana ikiitumia haipo katika folda unayoinakili. Kila kompyuta iwe na gemu yake iliyonunuliwa kihalali. Modi za Workshop ziepuke kabisa katika biashara yako, kwa kuwa hujisasisha zenyewe kila moja kwa wakati wake, na kompyuta iliyokosa bando usiku mmoja itaamka ikiwa tofauti na wenzake.

Ukishuku kwamba faili limeharibika njiani, hasa likisafiri kwa flashi ya kuazima, Windows ina amri ya certutil -hashfile, ambayo ukiipa jina la faili na neno SHA256 itakutolea mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mstari huo ukilingana katika kompyuta mbili, mafaili ni yale yale. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, nakili upya. Kwa faili moja linalokusumbua inafaa sana. Kuyapima yote kila asubuhi ni kujitesa.

Nacheza GTA San Andreas kwenye kompyuta ya zamani. Nimeweka mabasi mawili yenye rangi za mabasi yanayopita hapa kwetu Muheza, lakini moja tu ndilo linaloonekana. Nimeyapa namba 01 na 02, na hali ni ile ile.
*Konda wa Muheza*

Gemu hiyo iliyotoka mwaka 2004 ina namba zake yenyewe, na hizo ndizo zinazotawala. Kila chombo humo kina namba kati ya 400 na 611, basi la mjini likiwa 431 na la safari ndefu, coach, likiwa 437. Modi za mabasi kwa kawaida haziongezi gari jipya. Humwondoa aliyekuwapo zikakaa mahali pake. Nina hakika ukifungua folda zako zote mbili utakuta coach.dff, ambalo ni umbo, na coach.txd, ambalo ni rangi na michoro. Umewauzia abiria wawili kiti kimoja, namba 437, na hakuna konda asiyejua mwisho wa jambo hilo.

Nilimkataza kijana wa Makorora kubadilisha majina, lakini wewe nakuruhusu, kwa sababu gemu yako hulitazama jina la faili kama tiketi. Katika folda ya basi la pili geuza coach.dff kuwa bus.dff na coach.txd kuwa bus.txd, nalo litahamia 431. Mwendo wake utafuata wa kiti kipya, hivyo usishangae likikata kona tofauti na mwanzo. Tumia Mod Loader, ambayo hukuruhusu kuiwekea kila modi folda yake bila kuligusa faili kubwa la gta3.img, na majina ya folda hizo yaanze na namba ya kiti: 431_basi-la-kijani, 437_basi-la-bluu. Ukiona folda mbili zinaanza kwa 437, ugomvi umeuona kabla hujafungua gemu. Viti ni 212 kwa jumla, na vingi hutavigusa kamwe.

Shikamoo. Mimi ni mchoraji wa rangi za mabasi kwa ajili ya Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu. Nawagawia watu kwa WhatsApp. Kila siku naletewa malalamiko juu ya makosa niliyokwisha kuyarekebisha. Kazi zangu nizipe namba vipi?
*Fundi Rangi, Pangani*

Marahaba. Wewe uko upande wa pili wa kaunta, na kwako namba ya toleo ni ahadi. Michoro ya kujaribia ipe 0.1, 0.2, na kadhalika, ili mpokeaji ajue kwamba haijakamilika. Ukiridhika, toa 1.0. Ukirekebisha herufi iliyokosewa kwenye kibao cha namba, ni 1.0.1. Ukiongeza taa au maandishi mapya kwenye bodi ile ile, ni 1.1. Ukihamishia mchoro kwenye bodi nyingine ya basi, kiasi kwamba faili la bodi ya zamani, lile la .bussidvehicle, halitafaa nao tena, ni 2.0. Kanuni isiyovunjwa ni moja: namba ikishatoka mkononi mwako haitumiki tena kwa faili lingine, hata kama ulichobadilisha ni doa dogo na ni dakika tano tu tangu uitume. Jina la aliyetengeneza bodi ya basi libaki, na toleo lake lisichanganywe na lako. Andika kwamba ni mchoro 1.1 kwa bodi ya fulani, toleo lake kadhaa.

Malalamiko ya zamani, hata hivyo, yanatokana zaidi na njia unayotumia. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, hubanwa na kupewa jina jingine, kwa hiyo namba uliyoiweka katika jina inaishia hapo hapo, na michoro nayo inafifia. Itume kama hati. Kwa kuwa watakaoipokea wataisambaza tena wapendavyo, andika toleo katika mchoro wenyewe, kwa herufi ndogo kwenye bampa la nyuma, upande wa kulia. Mtu akikuletea malalamiko, mwombe picha ya basi likiwa limeegeshwa, usogeze macho kwenye bampa, na kabla hujasoma kilio chake utajua kama anaendesha 1.0 au 1.0.1.